Shahidi wa Mawingu

Msomaji, ikiwa wakaa Uthiru, au umepata kupita huko asubuhi ya mwezi wa Julai, bila shaka waijua baridi ya msimu ule ambao wenyeji huuita gathano. Jua huchelewa kuonekana. Majani yamelowa umande, magari yamewasha taa, na watoto waendao shule hutokea mmoja mmoja katika ukungu kama watu watokao nyuma ya pazia. Lakini huenda saa ile ile mtu aliyesimama katika kiwanja cha ndege cha Wilson, mwendo wa kiasi cha kilomita 12 kutoka hapo, asione ukungu hata kidogo. Aiona njia ya kurukia tangu mwanzo wake hata mwisho. Ila akiinua macho, aona dari ya mawingu ya kijivu imetanda chini sana juu ya kichwa chake.

Je, katika watu hawa wawili, ni nani asemaye kweli? Wote wawili wasema kweli, maana watazama kitu kimoja. Kiwanja cha Wilson kimeinuka kiasi cha mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na Uthiru iko juu zaidi, takriban mita 1,800. Wingu lililo mita 100 juu ya mtu wa Wilson humgusa usoni mtu wa Uthiru. Ukungu ni wingu lililoketi, na wingu ni ukungu uliosimama.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa kuwa ndani yake mna funzo kubwa. Habari ya hali ya hewa ni habari ya mahali. Haitoshi kuambiwa kwamba Nairobi kuna mawingu. Yapasa kuuliza, Nairobi ipi, na saa ngapi? Kwako wewe uendaye kwa miguu, kosa la kutojua litakugharimu koti lililolowa. Kwa rubani, kosa hilo hilo huweza kumgharimu uhai wake na uhai wa wote aliowachukua. Ndiyo sababu nataka tuifuate pamoja historia ya swali moja: rubani anayekwenda kutua mahali pasipo mnara wala mwangalizi atajuaje hewa ya mahali hapo ikoje?

Nchi yetu ina mamia ya viwanja vya namna hiyo. Viko katika mbuga za Maasai Mara, katika jangwa la Turkana, karibu na misheni, na kando ya mashamba makubwa. Kiwanja chenyewe ni ukanda wa ardhi uliosawazishwa na kukatwa nyasi, na pengine mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaopepea. Siku nyingi hapana mtu. Wageni wake wa kila siku ni mbuzi, punda milia na upepo.

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tujue rubani ahitaji habari gani. Kwanza, ataka kujua upepo watoka wapi na kwa nguvu gani. Ndege hutua ikiuelekea upepo, kwa maana hapo hewa huzidi kupita juu ya mabawa, na ndege huweza kugusa ardhi kwa mwendo mdogo. Ikitua ikisukumwa na upepo kwa nyuma, yaweza kuumaliza uwanja wote kabla haijasimama. Pili, ataka kujua mtu aweza kuona mbali kiasi gani. Tatu, mawingu ni mengi kiasi gani, na sehemu yake ya chini iko kimo gani. Nne, ataka kujua joto na mkandamizo wa hewa.

Hili la nne lahitaji maelezo. Chombo kinachomwambia rubani kimo chake hakipimi urefu kwa kamba. Hupima mkandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri mtu apandavyo juu. Huku kwetu karibu na Ikweta mkandamizo hupanda na kushuka kidogo kila siku, kwa kiasi cha hektopaskali 3 au 4. Kiasi hicho chaonekana si kitu. Walakini rubani asiyekirekebisha chombo chake kwa hektopaskali 3 atakosea kimo chake kwa mita 25 hivi, yaani urefu wa mnazi. Na katika ukungu, mnazi mmoja ni tofauti kubwa. Tena, hewa ya nchi ya juu ni nyepesi, nayo ikipata joto huzidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mizigo, ambayo hupaa upesi Mombasa, hukimbia mbali sana ardhini kabla ya kuinuka katika nchi za juu wakati wa adhuhuri.

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka 1929. Mwaka huo Bibi Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi. Jina la bibi huyo ndilo tulitajalo hata leo tunaposema kiwanja cha Wilson. Ndege za siku zile zilikuwa ndogo, za mbao na kitambaa. Rubani alikaa wazi, uso wake ukipigwa na upepo, wala hakuwa na redio ya kuzungumza na watu wa chini. Huenda alipata simu ya maandishi kutoka aendako kabla hajaondoka, lakini maneno yale yalikuwa yamezeeka tangu yalipoandikwa. Wingu halimngoji karani wa simu.

Basi rubani wa zamani aliisoma nchi kama wewe usomavyo kitabu. Moshi wa shamba ulimwambia upepo watoka wapi. Mavumbi nyuma ya kundi la ng'ombe yalimwambia neno lilo hilo, na mawimbi ya ziwa, na nyasi zilizolala upande mmoja. Alipofika juu ya uwanja hakutua mara moja. Alipita chini chini kwanza, akitazama kama kuna matope, mashimo au wanyama, kisha akazunguka na kurudi. Wenyeji waliojua kwamba ndege yaja waliweza kumsaidia kwa kuwasha moto wa majani mabichi utoe moshi mwingi.

Miongoni mwa marubani wa siku hizo alikuwako Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1942, aeleza jinsi alivyoondoka Nairobi usiku kwenda Nungwe, katika Tanganyika, kumpelekea mgonjwa hewa ya oksijeni. Hebu fikiri, msomaji: usiku, juu ya nchi isiyo na taa, ukitafuta mioto michache iliyowashwa na watu usiowaona. Mioto ile ilikuwa zaidi ya taa. Ilikuwa neno. Ilisema: tupo hapa, tunakungoja, na hapa twaonekana. Kama ukungu ungefunika mahali pale, mioto isingeonekana, na hilo nalo lingekuwa jawabu.

Mwaka ule ule wa 1929 jambo jingine lilianza Nairobi. Iliundwa idara ya hali ya hewa kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na mkuu wake alikuwa Albert Walter, aliyetoka kisiwa cha Mauritius. Haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1931 ndege za barua za kampuni ya Imperial Airways zilianza kutoka London hata Mwanza, na mwaka 1932 zikaendelea mpaka Cape Town. Ndege ya barua husafiri kwa ratiba, na mwenye ratiba hawezi kungoja kuona moshi wa shamba.

Idara hiyo ilikuwa na vyombo, lakini nguvu yake hasa ilikuwa watu. Katika vituo vya reli, katika misheni, katika boma za serikali na katika mashamba, watu walipewa kazi ya kupima mvua kila asubuhi na kuandika katika daftari. Wengine walifundishwa kazi kubwa zaidi: kutazama mbingu yote, kuigawa kwa mawazo katika sehemu nane, na kusema ni sehemu ngapi zilizofunikwa na mawingu. Walijifunza kupima umbali wa kuona kwa alama zilizo katika nchi, kama vile kilima au mti ambao umbali wake wajulikana. Kisha habari hizo ziligeuzwa kuwa tarakimu, zikapangwa tano tano, na kupelekwa kwa simu. Katika ulimwengu wote waangalizi hutazama kwa saa moja, ili hali ya hewa ya Nairobi iweze kulinganishwa na ya Cairo au Bombay. Kwetu sisi saa kuu za kutazama ni saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku na saa tisa usiku. Msomaji, wakati wewe umelala usingizi mzito, yuko mtu aliyeamka kuyahesabu mawingu.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya ilianzisha idara yake yenyewe. Makao yake makuu yako Dagoretti Corner, katika barabara ya Ngong. Kwa mtu wa Uthiru mahali hapo si mbali: yashike Barabara ya Naivasha, pita Kawangware na Riruta, nawe utafika. Kwa miaka mingi maputo yamerushwa kutoka hapo yakiwa yamefungwa vyombo vidogo vyenye redio, yapande mpaka juu sana na kuleta habari za upepo na joto la huko.

Hata hivyo vituo vyenye watu ni vichache, na nchi ni pana. Kati ya kituo na kituo mna vilima, mabonde na maziwa, na kila kimoja chaweza kuwa na hewa yake. Upungufu huu ulionekana wazi ilipoanza kazi ya madaktari warukao. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliianzisha huduma hiyo, na ndege zake zikawa na makao yao Wilson. Katika miaka ya 1960 mitambo ya redio iliwekwa katika hospitali za mbali na misheni, ili mwuguzi aliye peke yake aweze kumwita daktari. Aliyefahamika sana ni Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, akajiunga na huduma hiyo mwaka 1964, na kuwatibu watu wa Lamu na wa nchi za kaskazini kwa miaka mingi. Wengi walimwita Mama Daktari.

Redio ilileta njia mpya ya kupata habari za hewa. Sasa rubani aliweza kumwuliza mtu aliye kando ya uwanja wenyewe. Lakini mtu yule hakuwa mwangalizi aliyefundishwa. Alikuwa mwuguzi, au mwalimu, au padre. Tuseme, kwa mfano, kwamba rubani yuko Nairobi na mwuguzi yuko mbali kaskazini. Rubani hamwulizi, "Sista, hali ya hewa ni nzuri?" Swali hilo halifai, kwa kuwa uzuri ni maoni. Humwuliza hivi: "Kile kilima kilicho upande wa mashariki wakiona? Wakiona chote, au kilele kimefichwa? Ule mfuko wa kitambaa umelala, umeinuka nusu, au umenyooka kabisa? Waelekea wapi? Mvua imenyesha tangu jana?" Kwa maswali haya mtu yeyote mwenye macho hugeuka kuwa kituo cha hali ya hewa.

Sasa nakuomba ujiweke mahali pa mwuguzi huyo. Ndani ya chumba yuko mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana. Nguvu zake zapungua. Wajua kwamba ndege ikifika kabla ya jua kutua, ataokoka yeye na mtoto. Watoka nje, watazama mashariki, na kilele cha kilima hukioni; wingu limekikalia. Rubani angoja jawabu lako. Moyo wako wakuambia useme, "Chaonekana." Neno moja tu, na ndege itaondoka.

Hapo ndipo penye mtihani. Mwuguzi akisema uongo kwa huruma, huenda akawaua watu wanne badala ya kuwaponya wawili. Akisema kweli, rubani aweza kufikiri njia nyingine: kungoja saa moja, kuzunguka kilima kwa upande wenye mwanga, au kutua katika uwanja mwingine na mgonjwa apelekwe huko kwa gari. Kweli haimfungii rubani njia. Humwonyesha njia zilizobaki. Ushahidi wa mawingu si tofauti na ushahidi wa mahakamani: sema uliloliona, sema saa uliyoliona, wala usiongeze ulitakalo.

Kwamba jambo hili si mchezo, twakumbushwa na msiba wa Marsabit. Mlima wa Marsabit wasimama peke yake katikati ya nchi kavu. Upepo unyevu utokao upande wa bahari huupiga, hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu. Kwa hiyo mlima huwa na misitu na ukungu wakati nchi ya chini yaungua kwa jua.  Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilikuwa ikienda Marsabit na watu 17, wakiwamo wabunge, katika safari ya kuleta amani kati ya jamii zilizogombana. Hewa ilikuwa mbaya, na ndege iligonga mlima karibu na mwisho wa safari yake. Watu 14 walikufa, na miongoni mwao alikuwa Daktari Bonaya Godana, aliyepata kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje. Siandiki haya ili nimlaumu mtu. Nayaandika ili tuone kwamba mlima mmoja waweza kuwa na hali yake yenyewe, na kwamba hali hiyo yaweza kubadilika kati ya saa ya kuondoka na saa ya kufika.

Huenda wewe, uliyezaliwa katika zama za mitambo, wauliza: kwa nini tusiweke mashine katika kila kiwanja? Swali lako ni jema, na nchi nyingine zimefanya hivyo. Katika Marekani viwanja vingi visivyo na mtu vina mtambo upimao upepo, joto, mkandamizo, umbali wa kuona na kimo cha mawingu, kisha husema kwa sauti katika redio, usiku na mchana. Rubani husikiliza angali angani. Mtambo hauchoki, hausinzii, wala haumwonei mgonjwa huruma hata ukasema uongo. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini kila chombo kina mpaka wake. Kile chombo kipimacho kimo cha mawingu hupeleka mwanga wima juu, nao hurudi ukiisha kugonga wingu. Huona lile lililo juu yake tu. Wingu likiwa limekaa juu ya kilima kilicho kilomita tatu pembeni, chombo husema mbingu ni nyeupe, na hakikudanganya, hakikutazama huko. Wala hakimwambii rubani kwamba pundamilia wamelala katikati ya uwanja, au kwamba mvua ya jana imeacha matope. Tena chombo chahitaji umeme, kusafishwa na kutengenezwa. Buibui akijenga ndani ya kipimo cha mvua, nchi yote yaweza kuandikwa kwamba imekauka. Kwa hiyo mashine haikumwondoa mtu kazini. Imempa kazi nyingine: kuilinda na kuisahihisha.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba kazi hii ni ya watu wakubwa peke yao. Katika karne hii umeanzishwa mradi uitwao TAHMO, wenye nia ya kueneza vituo vidogo vya hali ya hewa katika Afrika nzima, na vingi katika vituo hivyo vimewekwa katika shule. Hapo wanafunzi hujifunza kwa tarakimu za uwanja wao wenyewe, na tarakimu hizo hizo huwafaa wataalamu walio mbali. Lakini hata kama shule yako haina chombo chochote, una macho. Simama Uthiru asubuhi na utazame milima ya Ngong. Siku moja utaiona yote na vilele vyake. Siku nyingine utaona nusu. Siku nyingine haipo, kana kwamba haikuumbwa. Igawe mbingu sehemu nane. Angalia moshi waelekea wapi. Andika tarehe na saa. Fanya hivyo kila siku kwa mwaka mmoja, nawe utakuwa na kitabu ambacho hakipatikani dukani.

Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Wengi huitaja methali hii wasifikiri kwamba inamhitaji mtu wa kuyatazama mawingu hayo. Dalili isiyoonwa haimfai mtu, na dalili iliyoonwa kisha ikasemwa kwa uongo ni mbaya kuliko isiyoonwa. Tangu moshi wa majani mabichi hata sauti ya mtambo, historia yote niliyokueleza ni historia ya kumtafuta shahidi mwaminifu mahali pasipo mtu. Siku moja, kwa redio au kwa simu, mtu asiyekujua huenda akakuuliza, "Huko uliko, waona nini?" Toka nje kwanza, utazame, ndipo umjibu.